Adabu ya Kukataa Mara Mbili

Huko Minnesota, kaskazini mwa Marekani, mtu mwenye adabu akikaribishwa kitu hukataa mara mbili. Ukikaribishwa keki, unasema usijisumbue. Ukibembelezwa, unasema nimeshiba. Mara ya tatu ndipo unapopokea kipande, ukakimaliza kwa raha zako. Anayekubali papo hapo huonekana hakulelewa. Arlys Bakken alilelewa vizuri mno, na hilo ndilo lililomponza.

Asubuhi hiyo ya Oktoba alitembea na Dominic Ferraro kwenye njia ya lami ipitayo msituni, ilipokuwa reli zamani. Yeye mjane, mwenzake mgane aliyekuja kutoka New Jersey kukaa na binti yake. Sasa binti anahama, na kesho Dominic anarudi kwao. Mwezi uliopita, wakinywa supu, alimwambia Arlys, "Twende wote. Tuoane." Moyo ulimruka Arlys kwa furaha, naye akajibu, "Ah, usijisumbue na mimi."

Majani mekundu yalikuwa yametapakaa lami nzima, yameloa, yanateleza. Mwendesha baiskeli akapaza sauti nyuma yao, "Napita kushoto kwenu!" Dominic akamvuta Arlys pembeni, na baiskeli ilipokwisha kupita hakumwachia mkono.

"Arlys, nakuomba tena. Njoo na mimi."

"Mimi? Nitakuwa mzigo tu. Hapana, bwana."

Hiyo ilikuwa ya pili. Arlys alitazama chini asije akaonekana anatabasamu. Paka wake alikwisha kumtafutia nyumba kwa jirani, na koti la safari alikwisha kulipiga pasi. Ilibaki aulizwe tu.

Dominic akaanza kuzungumzia kindi.

"Mwone yule, mnene kuliko shemeji yangu."

Arlys akacheka, akangoja. Akapunguza mwendo. Akainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka. Walipokaribia maegesho, hofu ikamwingia, akaamua kumfungulia mlango wa kuuliza tena.

"Baridi ya huku si mchezo," alisema. "Hasa kwa mtu anayelala peke yake."

"Vaa soksi nzito," alisema Dominic.

Wakafika kwenye gari la Dominic. Akavua kofia.

"Asante kwa kunivumilia. Nimekuuliza mara mbili, umekataa mara mbili. Kwetu mwanamke akisema hapana, mwanamume anayejiheshimu hufunga mdomo."

Arlys akamshika mkono. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote maneno ya namna hii maishani mwake.

"Dominic, niulize tena."

Dominic akamtazama, machozi yakimlengalenga.

"Usinionee huruma, Arlys."

"Si huruma. Nilitaka tangu siku ile ya supu."

"Nawajua nyinyi watu wa huku," alisema kwa upole. "Hamwezi kumwacha mtu aondoke na aibu usoni. Mara mbili umeniambia ukweli, nami nimeukubali. Usiniongopee sasa kwa ajili ya adabu."

"Dominic, nakwambia ndiyo."

"Najua," alisema, akambusu kwenye paji la uso kama mtu anayemtuliza mtoto. "Una moyo mzuri sana."

Gari likaondoka. Arlys akabaki anapunga mkono, maana kwao mgeni hupungiwa mpaka apotee machoni. Alipunga huku analia kwa sauti, na Dominic, aliyekuwa akimwona kwenye kioo, alimpungia pia, akaendelea kuondoka.