Mashahidi wa Mama Rahabu

Mwalimu Verediana alinunua kamera yake Jumamosi saa nne asubuhi, kwenye kibanda cha picha cha Dismasi pale Mwanga, nyuma ya mafundi cherehani. Miaka sita alikuwa anapiga picha kwa simu yenye kioo kilichopasuka, na miaka mitatu ya mwisho alifundisha tuisheni kila jioni kwa ajili ya siku hiyo, kwa hiyo hakutaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Aliichomoa lenzi akaielekeza mlangoni kuangalia kama ina ukungu ndani. Aliuliza imeshapiga picha ngapi, akaambiwa elfu arobaini na mbili. Alibonyeza kila kitufe. Alipiga ukuta, akapiga feni, akapiga bakuli la karanga la Dismasi.

"Ina kasoro gani?" aliuliza.

"Haina kasoro," alisema Dismasi. "Ila inaonyesha na waliokufa."

"Kwa nini?"

"Ni mwanga, mwalimu. Simu tundu lake dogo, wanapita walio hai tu. Hii tundu lake kubwa, wanaingia wote. Kwenye harusi ilinitesa sana. Watu wamesimama wanane, picha inatoka na ishirini na watatu, halafu bibi harusi anagomba na mimi kana kwamba nimewaalika mimi. Nilitafuta kwenye menyu pa kuzima, sijapaona."

Verediana alifikiri kidogo. Akauliza kama chaja imo. Chaja ilikuwamo, na betri mbili, na mkanda wa shingoni uliochakaa upande mmoja. Akalipa, akaifunga kamera kwenye taulo, akaenda zake nyumbani Rusimbi.

Nyumbani aliiweka juu ya meza, akaitega ijipige yenyewe baada ya sekunde kumi, akakaa kitini. Picha ilitoka na watu wawili: yeye, na nyuma yake bibi yake mzaa mama, aliyezikwa Kalinzi miaka kumi na tisa iliyopita, amebeba kikapu cha kahawa na amenuna.

"Mwakeye, bibi," Verediana alimsalimu kwa Kiha, akakuza picha. Bibi ametoka vizuri, hadi mikunjo ya kipaji cha uso. Ila yeye Verediana alikuwa na ukungu. Kamera ilikuwa imeuchagua uso wa bibi. Jioni nzima alijifunza namna ya kuielekeza kwenye jicho la aliye hai, na alipoweza alifurahi mno, akajipikia chai ya maziwa.

Wengine wakipata kamera nzuri hukimbilia machweo. Verediana alikwenda kwa wanawake wa dagaa. Kwenye mwalo wa Ujiji, ufukweni pale mitumbwi inaposhusha, alikuwa na rafiki yake mmoja, Mama Rahabu Kasongo, mwenye miaka hamsini na minane, ambaye ameanika dagaa hapo tangu akiwa na miaka kumi na minne. Alizaliwa hatua mia tatu kutoka pale anapoanika. Jumapili baada ya ibada alimkuta ameinama, anawatandaza kwenye mchanga kwa mkono, hawa huku, hawa kule, asiwakanyage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Ndiyo hiyo? Mbona kubwa hivyo! Utavunja shingo."

Verediana alipiga picha moja, akaigeuza kamera wakaangalia wote. Kwenye picha Mama Rahabu ameinama na dagaa wake. Kulia kwake ameinama mama yake, kushoto bibi yake, na nyuma wamesimama wanaume wawili: baba yake, na mzee mwenye kasia begani, miguu imelowa hadi magotini.

"Babu Kasongo," alisema Mama Rahabu. "Na lile kasia. Tulilifanya kuni za kupikia ugali mwaka wa njaa, tukalia." Akarudi kwa dagaa wake, maana jua lilikuwa linapanda. Halafu, akiwa ameinama vilevile, akauliza, "Hivi inaweza kumtoa na mkunga aliyenipokea nilipozaliwa?"

Hakuuliza bure. Na hapa ndipo panapochoma, kwa hiyo tuende polepole.

Ulikuwa umekuja mradi wa kujenga vichanja, zile meza za mbao na wavu za kuanikia dagaa juu ya mchanga, zenye paa la kukunja mvua ikija. Vichanja sitini, vyenye namba. Anayetaka kichanja aandike jina na namba ya kitambulisho cha taifa, na orodha inafungwa Ijumaa. Baada ya hapo kuanika mchangani hakutakatazwa, hapana, watu wa mradi walikuwa waungwana. Ila wanunuzi wa kutoka mbali walishasema mapema kwamba dagaa wa mchangani hawatawagusa tena. Kwa hiyo asiye na kitambulisho hana kichanja, asiye na kichanja hana mnunuzi, na miaka arobaini na minne ya mtu inaishia hapo bila yeyote kumfukuza.

Mama Rahabu hakuwa na kitambulisho. Alikwenda kuomba mwaka ule walipoanza kuandikisha, akakaa mbele ya karani, akaambiwa aeleze ukoo wake. Sasa, watu wa Ujiji waliotoka ng'ambo ya ziwa wana namna yao ya kutaja ukoo. Huanzi na wewe. Huo ni utovu wa adabu. Unaanza na yule aliyevuka. Hivyo ndivyo wanavyotajana kwenye posa na kwenye matanga, na mtoto akikosea anarudishwa mwanzo. Mama Rahabu akaketi vizuri, akasema, kwa heshima zote: "Babu yangu Kasongo alizaliwa ng'ambo, akavuka ziwa na mwenzake Lubunga katika mtumbwi mmoja." Alikuwa anachukua pumzi ili amtaje baba yake, aliyezaliwa Ujiji, na mama yake, aliyezaliwa Ujiji, na yeye mwenyewe. Karani alikuwa ameshaandika "ng'ambo" na kufunga faili. Sentensi moja! Heshima ya mwanamke kwa babu yake ndiyo iliyomfanya mgeni.

Alirudi mara ya pili, akaambiwa alete daftari la zahanati alikozaliwa. Daftari lililiwa na mchwa. Mara ya tatu akaambiwa alete shahidi aliyekuwepo siku anazaliwa.

"Nitakutoa nao wote," alisema Verediana.

Jumatatu baada ya vipindi alimkalisha Mama Rahabu kwenye kigoda uani kwake, mgongo kwenye ukuta, kivulini, mwanga laini. Alipiga picha kumi na moja. Ya tisa ndiyo iliyokuwa picha. Mama Rahabu amekaa katikati, ameshona midomo kama watu wanavyofanya wakipigwa picha ya serikali. Wamesimama nyuma yake babu Kasongo na kasia, bibi yake, baba yake, mama yake. Na pembeni kabisa, amevaa gauni jeupe la unesi na kofia yake, amesimama Nesi Yunisi, aliyekuwa mkunga wa zahanati ile kwa miaka thelathini na tano. Amebeba kitoto kichanga kilichofungwa kanga ya mama yake Mama Rahabu. Kanga ni ileile aliyoivaa mama mwenyewe pale nyuma. Verediana alikuza hadi akaona kovu dogo juu ya nyusi ya kichanga. Mama Rahabu alilishika kovu lake.

"Nilimponyoka mkononi," alisema. "Mama alinisimulia. Sakafu ilikuwa na majimaji."

Picha ilisafishwa kwa Dismasi, ukubwa wa karatasi ya kuandikia, na Jumanne saa mbili kamili wote wawili walikuwa ofisini. Karani aliitwa Nehemia Feliksi. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, mzaliwa wa Ujiji, mpole, shati limepigwa pasi. Wala hakuwa mla rushwa. Afadhali angekuwa mla rushwa, angalau ungejua unagombana na nini.

Aliipokea picha kwa mikono miwili, akavaa miwani.

"Huyu Nesi Yunisi," alisema.

"Ndiye," alisema Mama Rahabu.

"Alinipokea na mimi huyu nilipozaliwa. Sisi wote saba kwa mama yetu." Akaisogeza picha dirishani. "Ametoka vizuri sana. Mwalimu, unatumia lenzi gani?"

"Milimita hamsini," alisema Verediana.

"Safi sana."

"Mashahidi ndio hao, bwana Nehemia. Mama mzazi, baba, mkunga. Na mtoto mwenyewe yumo, na kovu lake."

"Nawaona. Sina ubishi na picha." Akavua miwani. "Tatizo, shahidi anatakiwa afike mwenyewe ofisini. Na awe na kitambulisho chake."

Kwenye benchi walikuwepo watu wanne wanasubiri. Mmoja aliangalia saa.

"Wamekufa," alisema Verediana.

"Nafahamu, mwalimu. Nesi Yunisi nilibeba jeneza lake."

"Sasa atafikaje?"

"Hapo fomu haikueleza." Alisema hivyo kwa huruma kabisa, na huruma yake ilikuwa ya kweli, na ndiyo iliyokera kuliko yote. Mwalimu wa darasa la nne ana sauti yake ya kunyamazisha watoto themanini, na Verediana aliitumia pale pale, akamwambia kwamba huo si utaratibu, huo ni uonevu, na kwamba anamwonea mtu anayemjua, mbele ya mkunga wake mwenyewe. Nehemia alisikiliza hadi mwisho. Akakubali kwa kichwa. Halafu akauliza kama, kwa kuwa kamera ipo, mwalimu angeweza kumpigia na yeye picha moja, ukuta wa ofisi ulikuwa mtupu.

Mama Rahabu ndiye aliyesema, "Mpige tu."

Verediana alimpiga amekaa mezani, mkono juu ya mafaili. Picha ikaonekana kwenye kioo cha kamera, wakainama watatu kuitazama. Nyuma ya Nehemia alisimama baba yake, Feliksi, fundi baiskeli, ambaye Ujiji nzima ilimjua. Na nyuma ya Feliksi alisimama mzee mrefu, miguu imelowa hadi magotini, ameshika kasia. Kasia hilo lilikuwa na alama tatu za kisu kwenye mpini. Kasia la babu Kasongo lilikuwa na alama tatu za kisu kwenye mpini.

"Shikamoo, babu Lubunga," Mama Rahabu alikiambia kioo. Kisha akamgeukia karani. "Walivuka pamoja. Huyu alikuwa anapiga kasia kulia, wangu kushoto. Kwetu hadithi hiyo tunaijua wote."

"Hata kwetu," alisema Nehemia.

"Sasa wewe kitambulisho ulikipataje?"

Nehemia aliona swali ni la haki. Hakukasirika, wala hakuona aibu.

"Nilipoulizwa ukoo, mama, nilianza na baba," alisema. "Wakaandika Feliksi. Hawakuniuliza zaidi."

"Basi niulize na mimi upya. Nianze na baba."

"Maelezo yakishaandikwa hayafutwi." Aliligeuza faili ili alione mwenyewe. Neno lilikuwapo, kwa wino wa bluu, mwandiko mzuri sana. Ni Nehemia mwenyewe aliyeliandika.

Ijumaa orodha ilifungwa saa tisa alasiri. Kichanja namba thelathini na moja, kilichojengwa juu ya mchanga aliokuwa akianikia Mama Rahabu, alipewa mwanamke mmoja wa Mwanga mwenye duka la vipodozi, ambaye hajawahi kushika dagaa wabichi maishani mwake. Kitambulisho anacho. Picha ya Nehemia ilichapishwa ikatiwa fremu, ikatundikwa ofisini juu ya meza yake, na waombaji wanaokaa kwenye benchi wanamwona karani, na baba yake, na babu aliyevuka, na kasia. Wanasema imetoka vizuri. Halafu wanaitwa, wanaulizwa ukoo wao, na wale waliolelewa kwa adabu wanaanza na aliyevuka.

Verediana anakwenda mwaloni kila Jumamosi na kamera yake. Siku hizi anaimudu. Wiki iliyopita mvua ilikuja ghafla kutoka ziwani, saa sita mchana, na wanawake wa vichanja wakavuta mapaa yao, kreki, kreki, mstari mzima. Mama Rahabu alikuwa chini, mchangani, anazoa dagaa kwa mikono yote miwili na kuwatia beseni. Verediana alipiga picha moja, akaiingiza kamera chini ya koti, akakimbia kumsaidia.

Baadaye, wamejibanza kwenye kibanda cha chai, aliifungua waitazame. Kwenye picha watu sita wameinama mchangani wanazoa: Mama Rahabu, mama yake, bibi yake, baba yake, babu Kasongo aliyeliweka kasia chini, na Nesi Yunisi aliyekunja mikono ya gauni. Walikuwa wanafanya kazi haraka, kila mmoja na upande wake, watu waliozoeana. Juu yao vichanja vimekaa vikavu.

"Wametoka wote," alisema Verediana.

"Wametoka," alisema Mama Rahabu. Akageukia beseni lake, akachota dagaa kiganjani, akawaminya. Maji yakatoka. Walikuwa wamelowa, karibu wote.