Mkojo wa Bitiruti

"Chungulia."

"Sichungulii."

"Chungulia kwanza, halafu ukatae."

"Mtu mzima na akili zako unaniletea mkojo jikoni? Toa hicho kikopo hapa."

"Mwekundu au si mwekundu?"

Dada akachungulia kwa jicho moja. Mwekundu. Mwekundu kama wake, ule ambao kumbe miezi mitatu mizima anauangalia kila asubuhi chooni anatoka anatabasamu, eti ugonjwa unatoka.

"Huu wangu," nikamwambia. "Jana nimekunywa bitiruti glasi tatu. Haya niambie, mimi naumwa nini?"

Akarudi kukoroga sufuria. Nikajua nimempata. Huyu dada ndiye aliyenilea mama alipofariki, sijawahi kumshinda kwa maneno hata siku moja, lakini hapa nimempata.

"Basi na wewe unao," akasema. "Shukuru Mungu umeanza kutoka mapema."

Nilitamani kupiga ukuta. Nikaenda kumwaga mkojo, nikakitupa na kikopo chenyewe.

Dada ana uvimbe titi la kushoto. Alituficha wote. Mimi nimejua juzi tu, nesi aliponipigia simu kwa sababu namba yangu ndiyo dada aliiandika kwenye fomu. Ni saratani, bado ndogo, ikatwe mapema. Siku ya kwanza aliyopangiwa kulazwa dada hakutokea. Siku ya pili aliyopangiwa ndiyo leo, saa nne asubuhi. Nesi akasema akiiruka na hii, atarudishwa mwisho wa foleni, na uvimbe hausubiri foleni.

Na kinachonichoma ni hiki: hii bitiruti hakuitoa kwa jirani wala kwa mganga. Aliitoa kwangu.

Nauza juisi kwenye kibanda mbele ya geti la hospitali hiyohiyo. Tajiri wangu tunamwita Profesa, na hajasomea chochote zaidi ya kuongea. Kachora bango, kila rangi na kiungo chake: nyekundu matiti, rangi ya karoti mapafu, zambarau tumbo. Mimi alinichukua kwa ajili ya sauti. Akanipa maneno niyashike, nami nikayashikia nyumbani, natembea sebuleni na mwiko mbele ya mdomo kama mtangazaji: "Rangi ya mmea ni sumu ya saratani. Nyekundu ikiingia, uvimbe unatoka." Dada alikuwa anachambua mchele, anacheka. Uvimbe wake alikuwa ameshaugusa, hajamwambia mtu. Nami nikawa namletea chupa kila jioni, najiona mdogo mtu mwema.

"Vaa viatu twende kwa Profesa," nikamwambia. "Si ndiye unayemwamini? Akisema usikatwe, mimi sifungui mdomo tena."

"Hata sasa hivi."

Akatangulia mbele njia nzima.

Tulimkuta Profesa anamenya karoti, viganja vya njano. Foleni ya watu watatu, ndugu wa wagonjwa, kila mmoja na chupa yake ya kubebea.

"Umechelewa, redio," akaniambia. Alipomwona dada akachangamka. "Karibu dada yetu. Mpe nyekundu huyo, kubwa."

Akamimina mwenyewe, akampa. Sikumsubiri amalize.

"Profesa, huyu analazwa saa nne, akatwe uvimbe wa titi. Mwambie asiende."

"Eh?"

"Mwambie. Bango lako linasema nyekundu inatoa uvimbe. Sema mbele ya hawa watu: usiende, kunywa juisi, ukifa niulizwe mimi."

"Kijana, mambo ya familia malizeni nyumbani."

"Haya si ya familia. Ni ya bango."

Akacheka, akawatazama wateja. Hawakucheka naye.

"Mimi nasema inasaidia," akasema. "Hizi rangi za mboga hata wataalamu wanazichunguza. Uongo?"

"Kweli. Nesi kaniambia. Wanazipima maabara, nyingine zinatia matumaini, na mtu akila mboga za rangi mbalimbali mwili unafaidika, huenda hata zikamkinga. Kumkinga, Profesa. Hakuna aliyeona glasi ya juisi ikiondoa uvimbe ulioshakaa. Na mkojo mwekundu ni rangi inapita tu, kuna watu inawatokea na kuna watu haiwatokei. Imeingia bitiruti, imetoka bitiruti."

"Sasa umekuwa daktari."

"Na wewe je?"

Dada alikuwa ameshika glasi, hajainywa. "Profesa," akasema taratibu, "nisiende?"

Profesa akazima blenda.

"Mama yangu, mimi si daktari."

"Najua. Nauliza, nisiende?"

"Hilo siwezi kukuambia. Nikikuambia usiende, halafu likatokea la kutokea, mimi si nitafungwa?"

"Kwa hiyo ulikuwa unajua."

Akaanza kupanga glasi zilizokuwa zimeshapangwa. Mtu wa mbele kwenye foleni akafunga chupa yake tupu, akaondoka.

Dada akaiweka glasi mezani. Nikadhani sasa ataniangukia begani, tutalia kidogo, tutavuka barabara pamoja. Akanigeukia na macho makavu.

"Huyu anatafuta ugali wa watoto wake. Wewe ulikuwa sebuleni kwangu. Ulikuwa unajua unachosema?"

"Sikujua, dada. Nilikuwa nakariri."

"Nakariri." Akalirudia kama anatema mbegu. "Unaniletea chupa kila jioni, naimaliza mpaka tone la mwisho. Ulidhani nina kiu?"

"Hukuniambia unaumwa."

"Na wewe hukuniuliza. Ulikuwa unaongea wewe tu."

Saa ya getini ilikuwa inakaribia saa nne.

"Twende, nitakusindikiza," nikasema. "Halafu nikakuchukulie nguo."

"Nguo ataleta shangazi. Wewe baki hapa. Una kazi."

Akageuka, akasubiri pikipiki ipite, akavuka barabara kuelekea getini.