Mfuko wa Kadi ya Saba

Mama Mifuko alikuwa akishona huku midomo ikimcheza. "Shirt," akasema, mfuko mmoja ukapita chini ya sindano. "Belt," ukapita wa pili. Kelele za cherehani arobaini zilimfichia siri, maana pale kiwandani ukionekana unaongea peke yako unaulizwa kama jana ulilala na njaa.

Jina hilo hakupewa kwa utani tu. Kwa miaka tisa alikuwa akishona mifuko, na mifuko peke yake. Kola zilishonwa mstari wa nyuma, vifungo vilitiwa mstari wa mbele, na nguo yenyewe ilikamilikia ghorofa ya juu ambako yeye hakuwa na ruhusa ya kufika. Alikuwa na maswali yake. Watu wa mbali wanatia nini humo? Kwa nini wengine wanataka minne na wengine wanaridhika na mmoja? Kiwanda hakikuwa kimeajiri mtu wa kumjibu.

Msimamizi wa mstari wao alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi, na mstari mzima ulijua nani anafaa. Cherehani ikigoma, aliitwa Mama Mifuko. Mzigo ukichanganyika, aliitwa yeye. "Chanda chema huvikwa pete," wenzake walimwambia, naye pete hiyo aliitaka kwa moyo wote, wala si kwa ajili ya ukubwa. Msimamizi kazi yake ni kutembea, si kukanyaga cherehani. Mguu wake wa kulia, baada ya miaka tisa ya kukanyaga, ulikuwa ukivimba kila jioni mpaka kiatu kinakataa kuvulika.

Ila ofisi ilikuwa imetoa sharti jipya: hakuna usimamizi bila kupita mtihani wa Kiingereza cha mavazi. Wakaletewa mwalimu, kijana mwembamba aliyefundisha bwaloni saa ya chakula, Jumanne na Alhamisi. Kiwanda cha nguo hakikumpa hata kipande cha kitambaa, kwa hiyo alifundishia mwili wake. Alishika mkanda, akasema "belt". Alinyanyua mguu, akasema "shoe". Siku ya "scarf" alijizungushia shingoni taulo la jikoni, bwalo zima likaangua kicheko.

"Mwalimu, hicho wanavaa wakiugua?" Mama Mifuko aliuliza.

"Ni baridi, mama."

"Na mifuko inakaa wapi?"

"Hakina mifuko."

"Sasa na baridi yote hiyo mikono wanaiweka wapi?"

Ndipo mwalimu akalazimika kufundisha "gloves" kabla ya siku yake.

Siku ya mtihani alikuja afisa wa ofisini na kadi kumi za picha, saa ya mkononi na fomu. Ni dakika tatu, kadi kumi, na saba ndiyo kupita. Mwalimu aliruhusiwa kukaa pembeni, asifungue mdomo.

Mama Mifuko alizipukutisha za mwanzo. Shirt. Hat. Shoe. Belt. Dress. Alipofika kwenye gloves alimtupia mwalimu jicho, wakatabasamu wote wawili. Sita kwa sita, na dakika moja ilikuwa haijaisha.

Kadi ya saba ilikuwa ya koti. Jina lake alilijua, lakini macho yalikwisha kufika pale yalipozoea kufika kwa miaka tisa. Mfuko ulikuwa umechorwa mdomo chini.

"Pocket," akasema.

"Siyo."

"Pocket, bosi. Hebu tazama. Mdomo uko chini. Ukitia kitu si kinadondoka?"

"Nimekuuliza hii ni nini."

"Na mimi nauliza, aliyechora hajawahi kuvaa? Au wapo watu wanatilia kwa chini? Maana mimi mfuko wa namna hii sijashona."

Hakuwa anabishana. Alitaka kujua kweli. Akaigeuza kadi, akaona sasa mfuko umekaa sawa lakini koti limesimama kwa kichwa. Mwalimu akakohoa. Akakohoa tena kwa nguvu. Mama Mifuko akampa pole, akaendelea kuichunguza kadi yake.

"Muda umekwisha," afisa akasema.

"Mbona zimebaki tatu?"

"Muda wako umeliwa na mfuko, mama."

"Hiyo ni jacket, bosi, naijua. Fungua hizo zilizobaki, ni kufumba na kufumbua tu."

"Utaratibu ni utaratibu."

Mwalimu akainuka. "Bosi, huyu ndiye anayejua kuliko wote humu ndani."

"Na wewe mkataba wako unaisha lini, mwalimu?"

Mwalimu akakaa.

Afisa akajaza fomu, akamsogezea atie sahihi. Iliandikwa: Alama sita. Hajui nguo. Mama Mifuko aliyasoma maneno hayo mawili ya mwisho mara mbili, yakamuuma kuliko mguu. Akatia sahihi. Kabla ya kurudisha kalamu akaivuta ile kadi ya saba, akaziba mdomo wa chini kwa mstari mmoja, akauchora mwingine juu, mahali pake.

"Unaharibu mali ya ofisi," afisa akasema.

"Naitengeneza, bosi."

Alasiri, Dada Vifungo alikuja akasimama kando ya cherehani yake. Huyu ni binti aliyefundishwa na Mama Mifuko mwenyewe hata kutunga uzi kwenye sindano, mwaka uliopita tu. Alikuwa amepata nane, usimamizi ukawa wake, na hakuwa na furaha usoni.

"Mama, usimamizi wenyewe mimi siuwezi. Nianzie wapi?"

"Nitakuonyesha, mwanangu. Kwanza niambie, zile kadi tatu za mwisho zilikuwa za nini?"

Dada Vifungo akatazama chini. "Aproni. Suruali. Na lile taulo la mwalimu la shingoni."

"Apron," akasema Mama Mifuko. "Trousers. Scarf."

Akasubiri kidogo, kana kwamba yupo mtu wa kumwekea alama ya vema. Kisha akaunyanyua mguu wake uliovimba, akaurudisha kwenye kanyagio.