Kimya Juu ya Benchi

Kwa wiki tatu sikuzungumza na mume wangu, Takyo, na wala sikujuta. Aliketi mezani kwangu, akila wali wangu, akasema mbele ya wageni kwamba bagoong ya dada yake Perpetua ni tamu kuliko yangu. Hapa Lingayen mtu anaweza kukutukania sura ukacheka, lakini si bagoong yako, dagaa wa kuchachisha uliowatia chumvi kwa mkono wako na kuwangoja mtungini karibu mwaka mzima. Nikaapa simsemeshi mpaka akiri yangu ndiyo bora.

Naye mbishi kweli. Ikabidi tuongee kupitia jogoo.

"Jogoo, mwambie huyo wali umeiva."

"Jogoo, mwambie bibi yako sina njaa," anajibu, huku anapakua.

Sikukuu ya mtaa ikatukuta hivyo hivyo. Sisi wa mtaa huu wa Pangapisan ngoma yetu huchezwa juu ya benchi lisilofika shubiri moja kwa upana, na mimi na Takyo tumeicheza kila mwaka tangu tuoane. Kazi ipo pale pa kubadilishana nafasi: mnashikana viuno, mnaruka, mnageukia hewani. Lazima mmoja aseme "haya", la sivyo mtavunjana meno. Kwetu msemaji ni Takyo.

Tukapanda. Tulipofika pa kubadilishana nikamtazama. Yeye akatazama paa la kanisa. Bendi ikarudia kipande kile kile, ikarudia tena.

"Mzee Takyo, midomo inatuwaka moto huku," mpiga tarumbeta akalalamika.

Watu wakacheka. Wifi Perpetua alikuwa kiti cha mbele, anajipepea kama bibi harusi. Damu ikanichemka.

"Benchi," nikasema, "mwambie huyo tunachekwa."

"Benchi, mwambie nina macho."

"Benchi, mwambie asiposema, naruka hivyo hivyo."

Akarudi kutazama paa la kanisa. Nikamkamata kiuno, nikakunja magoti. Takyo ana kilo tisini, lakini mimi nikikasirika naziona kama unyoya. Tukaruka.

Hewani, kwa hofu ya kufa nadhani, mume wangu akanong'ona: "Luming, yako ndiyo tamu. Tangu zamani."

Nilifurahi jamani. Nilifurahi mpaka nikamwachia ili nijishike kifua. Mimi nilitua benchini vizuri. Takyo alitua kwenye ngoma kubwa ya bendi, akazama mpaka kiunoni.

"Umeumia?" nikamuuliza, neno langu la kwanza kwake kwa wiki tatu.

"Kidogo tu, mke wangu."

"Pole sana, mume wangu. Sasa kabla hawajakutoa humo, rudia kwa sauti. Wifi hakusikia."