Mama Lini Ashuka Jukwaani

Mama Lini hakuwa na mtoto aitwaye Lini. Jina hilo alilipata kwenye mikutano ya hadhara. Kiongozi yeyote aliyesimama kuahidi maji, taa au choo cha soko, yeye alinyoosha mkono, akasimama, akauliza neno moja tu: "Lini?" Akiambiwa karibuni, aliuliza tena. Akiambiwa Mungu akipenda, alijibu kwamba Mungu alishapenda zamani, waliobaki ni ninyi. Wako viongozi waliokuwa wakichungulia kwanza kama yumo, ndipo washuke kwenye gari.

Kwa kazi alikuwa msusi. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko, na ulimi wake haukupitwa na vidole. Basi uchaguzi ulipowadia, watu walisema, ya nini kujisumbua? Aliyewatoa viongozi jasho na awe kiongozi mwenyewe. Wakamjazia kura za udiwani, kisha wakaenda zao kulala usingizi wa pono.

Na huyo huyo Mama Lini sasa alikuwa na jambo limemkaa kooni, halimezeki wala halitemeki.

Kati ya soko na shule palikuwa na mfereji mpana, na juu ya mfereji ubao mmoja. Mvua ikinyesha ubao uliteleza, na wazazi waliacha biashara zao kwenda kuwavusha watoto mgongoni. Kura aliziomba kwa ajili ya daraja hilo, na fedha zake zilikuwa zimeshatengwa. Lakini kwenye kikao chake cha kwanza cha baraza la madiwani, alipokuwa bado anapapasa kitufe cha kipaza sauti, mwenyekiti alisoma hoja mbio mbio kama mtu anayekimbizwa, akataka wanaokubali wanyooshe mikono. Mikono yote ikapanda. Naye, asije akaonekana mshamba, akapandisha wake. Alipomuuliza jirani yake wamekubali nini, aliambiwa kwamba fedha za daraja zimehamishiwa kwenye viti vipya vya ukumbi. Viti vya kuzunguka.

Mtaani alimwambia mtu mmoja tu, mumewe. Huyo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu asiye na makuu, ambaye hata mchuzi ukizidi chumvi huongeza maji ya kunywa akaendelea kula. Alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, akavaa buti zake, akaenda kazini. Mama Lini alishukuru kuolewa na mtu mkimya.

Siku ya mkutano na wananchi, asubuhi kabla wateja hawajafika, karani wa baraza alimfuata kibandani.

"Viti usivitaje kabisa, mheshimiwa," alisema karani, akijipangusa jasho. "Wewe sema hivi: mradi wa daraja uko katika hatua za kiutekelezaji, na wadau wanaendelea kuainisha vipaumbele."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Si kitu. Ndiyo uzuri wake."

"Wee! Na wakiniuliza lini?"

Karani alimtazama kwa huruma. "Atauliza nani, mama yangu? Aliyekuwa akiuliza si wewe?"

Mama Lini alicheka, maana ilichekesha. Karani alipoondoka alijaribu maneno yale mbele ya kioo, akaona yanatoka vizuri, tena yanampa shingo ya uheshimiwa. Yalimpendeza, na kumpendeza kwenyewe kukamtia wasiwasi.

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa shule. Jukwaa lilikuwa meza za darasani zilizounganishwa, na ngazi yake ilikuwa dawati. Watu walijaa kwenye mabenchi, waliokosa wakaegemea ukuta. Mama Lini alipanda, akasalimia, akaitikiwa kwa shangwe, kisha akayamwaga yote: hatua za kiutekelezaji, wadau, vipaumbele, na kwa kuwa alishapata moto akaongeza na mkakati jumuishi, ambao hata karani hakumfundisha.

Makofi yalipigwa mpaka madirisha ya darasa yakatikisika. Muuza mboga wa mbele alipiga vigelegele. "Mwenzetu kashajua kusema!" alimwambia jirani yake. "Hata sikuelewa!"

"Kuna swali?" aliuliza Mama Lini.

Hakukuwa na swali. Nyuso zote zilimtazama kwa mapenzi matupu. Mtu mwingine angeshusha pumzi, akaomba wimbo wa kufungia mkutano. Yeye alipandwa na hasira. Aliwakasirikia wao kwanza: kumbe watu hawa wanapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa na wanapiga makofi! Halafu akajikasirikia mwenyewe, aliyeshika chupa.

Akaweka kipaza sauti mezani. Akainua gauni kidogo, akashuka kwa lile dawati, akaenda mpaka benchi la tatu, mahali alipozoea kukaa miaka yote.

"Sogea kidogo, ndugu yangu," alimwambia muuza mafuta ya taa. Akakaa. Akanyoosha mkono. Kwa kuwa hapakuwa na mtu jukwaani wa kumruhusu, akajiruhusu, akasimama.

"Mheshimiwa diwani, daraja letu lini?"

Watu wote waligeuka kutazama jukwaani. Hakukuwa na diwani. Mmoja akaanza kucheka, kicheko kikasambaa, naye alishatoka mbio, anapanda, anashika kipaza sauti.

"Nashukuru kwa swali zuri. Kama nilivyosema, mradi uko katika hatua..."

Akakitupa, akashuka. "Hatua gani? Nimeuliza lini!"

Akapanda. "Dada yangu, tuwe na subira, subira yavuta heri."

Akashuka. "Heri ivutwe, watoto wanateleza!"

Watu walishika mbavu. Karani alifunika uso kwa mikono. Lakini safari ya tatu, alipofika juu akihema, kipaza sauti mkononi, Mama Lini hakupata la kujibu. Kicheko kikapungua, kikaisha.

Hapo ndipo mtu aliposimama nyuma kabisa, karibu na lango, nguo zake za kazi zina matobo ya cheche. Alikuwa mumewe.

"Mheshimiwa," alisema. Sauti yake watu wengi hapo walikuwa hawajawahi kuisikia. "Fedha za daraja zilikwenda wapi?"

Mama Lini alitamani ardhi ipasuke immeze. Kati ya wananchi wote, aliyeuliza ndiye peke yake aliyekuwa na jibu! Lakini alimwona jinsi alivyosimama mbele ya umati wote, mtu ambaye hata harusini kwake alisemewa na kaka yake, na moyo ukamlainika.

"Zimekwenda kununua viti," alisema. "Viti vya ukumbi wa baraza."

"Nani alikubali?"

"Sote tulikubali. Mkono wangu ulikuwepo. Sikuelewa kinachopitishwa, nikaona haya kuuliza." Akajigusa kifua. "Mimi. Nikaona haya kuuliza."

Mzee mmoja aliinuka na kusema bila kuficha, "Tulikupa kura ukaulize, binti yangu, si ukaone haya." Neno hilo lilimchoma, na ilikuwa haki limchome. Akalipokea.

"Na hivyo viti," aliuliza muuza mboga, "vinazunguka kweli?"

"Sijui, dada. Havijaletwa bado."

"Havijaletwa? Basi si vifutwe!"

Mama Lini alimkodolea macho. Wiki nzima alikuwa ameshughulika kuficha aibu yake, hata hakufikiria kwamba jambo lenyewe bado linaweza kuzuiwa. Mara mikono ikaanza kupanda, huku miwili, kule mitano. Kikao kijacho ni siku gani? Jumatano. Mwananchi anaruhusiwa kuingia? Anaruhusiwa, kuna mabenchi kabisa, ila hajawahi kuingia mtu. Mabenchi yanatosha wangapi? Nani atafunga duka, nani atabaki na watoto? Hoja ya kurudisha fedha ataisoma nani, na safari hii ataisoma polepole?

Karani alimvuta gauni. "Mheshimiwa, mkutano umetuharibikia."

"Tulia wewe," alisema Mama Lini, uso umemng'aa. "Ndiyo kwanza unaanza. Haya, mama wa pale ukutani, uliza."

Jua lilikuwa limeshaelekea kuzama walipofunga. Yeye na mumewe walirudi nyumbani kwa njia ya sokoni, wakavuka ubao mmoja mmoja, mume akitangulia ili amshike mkono.

"Yaani wewe!" alisema Mama Lini walipofika ng'ambo. "Jambo lenyewe ulikuwa unalijua. Si ungeniuliza nyumbani?"

"Nyumbani naishi na mke wangu," alisema mumewe, "na mke wangu sina ugomvi naye. Diwani wangu ningempatia wapi?"

Mama Lini alikosa la kusema, na habari kwamba Mama Lini amekosa la kusema ilifika mtaani kabla yao.