Wimbo wa Koleo

Pikipiki ilikwisha kutoka getini kwa mashamba ya chumvi ya Gongoni, Kahaso kapanda nyuma, miguu ingali myeupe, na Mangi msimamizi akiwakimbilia kwa makelele.

"Ukienda leo, koleo lako nampa mwingine!"

"Mpe! Mwambie tu mpini wake unachoma mikono!"

Jefwa, mwenye pikipiki, alicheka mpaka wakayumba. "Na hao wa Mambrui wakikukataa, dada?"

"Nitarudi kwa miguu. Usinifuate."

Miaka saba Kahaso alitunga nyimbo huku akichota chumvi, na hakuna aliyezisikia ila wenziwe, mpaka Bi Shekha wa Mambrui alipokuja kununua chumvi ya harusi ya bintiye. Akamsikia, akamwambia aje atoe mmoja kwenye vugo. Vugo ni ngoma ya wanawake: wanagonga pembe kwa vijiti, mmoja anatoa wimbo, wengine wanapokea. Wasipopokea, wimbo umekufa, na mwenye nao hana pa kuficha uso.

Wanawake walijaa uani kwa Bi Shekha, asumini vichwani. Kahaso akawaamkia, akatoa ubeti wa kwanza. Pembe zikababaika. Wimbo ulikuwa na mwendo wa koleo, mzito, na mikono ile haikuujua. Akarudia. Hakuna aliyepokea.

"Huyu yuaimba ama yuaugua?" mmoja akauliza, na vicheko vikazunguka ua.

Kahaso akakumbuka kuwa hata yeye wimbo huu hakuupata kwa masikio ila kwa mikono. Akainama, akashika koleo lisilokuwepo, akachota, akageuka, akamwaga, huku anaimba.

"Ala, kumbe wachota!" Bi Shekha akasema, naye akainama na gauni lake la hariri. Mmoja akafuata, wakawa watatu, wakawa kumi. Pembe zikaingia, ko, ko, na ua mzima ukapokea, hata yule aliyeuliza kama yuaugua, tena kigelegele chake ndicho kilichofika barabarani. Waliurudia mara nne. Bibi harusi mwenyewe alichota.

Koleo lake alipewa mtu mwingine. Kahaso sasa hutoa nyimbo harusini, Mambrui mpaka Takaungu, na siku zisizo na harusi hukaanga mahamri. Jefwa ndiye humpeleka. Bi Shekha aliumwa kiuno wiki nzima, akapona. Bintiye anakaa Watamu, ana mtoto mmoja. Mangi alipomwoza mwanawe, alimwita Kahaso aje kuimba, naye alikwenda.