Chukudu Tatu Kwenye Kona ya Barthélemy

Mimi, Niyibizi, niliendesha kamiyo, malori makubwa ya mizigo, miaka thelathini na moja kabla ya kupumzika. Pale Kanyabayonga niliwahi kugeuza remoki, tela refu la nyuma, ndani ya ua wa paroko, kuku wake wakaendelea kulala. Anayebisha akawaulize kuku.

Kwa hiyo iliniuma Mama Dancille alipomwita enjenia badala yangu. Kiwanda chake cha sabuni kiko nyuma ya mtaa wetu, hatua mia tatu tu kutoka barabara kubwa ya Kibati. Lakini tangu lava ya 2021 ifunike njia pana, sabuni ilisukumwa kwa chukudu, vile vyombo vyetu vya mbao vya magurudumu mawili, mpaka mtaa wa Birere, ndipo ipakiwe kwenye kamiyo. Mnunuzi wa Butembo alichoka na katoni zilizopondeka. Akatuma neno: Jumatatu kamiyo yake inakuja. Ikifika mlangoni pa kiwanda, atanunua mwaka mzima. Isipofika, atatafuta sabuni kwingine. Na watu arobaini wa mtaa wanakula kwa sabuni hiyo.

Kulikuwa na njia moja tu nyingine, nayo ilikuwa na kona kali. Enjenia aliipima, akafunga daftari.

"Mubomoe nyumba ya Barthélemy."

Barthélemy, jirani yetu wa kwenye kona, mwenye chukudu tatu, akasimama mlangoni kwake na nyundo. "Mubomoe kwanza enjenia!"

Jumamosi, siku ya posho kama tunavyoiita, mtaa mzima ulipotoka na majembe kwa salongo, ile kazi yetu ya pamoja, nikamwendea.

"Barthélemy, leta chukudu zako. Tunatengeneza kamiyo."

"Muzee, umekunywa nini asubuhi yote hii?"

"Chai. Leta na kamba."

Chukudu moja tuliifanya kichwa. Mbili zikabeba miti mirefu, hatua kumi na tano, hiyo ndiyo remoki. Nikapanda mbele, nikapiga honi kwa mdomo, wanaume wakasukuma. Tulipokata kona, gurudumu la nyuma likaingia jikoni kwa Barthélemy na kumwaga sufuria ya maharage.

"Munaona? Hata kamiyo ya uongo inanichukia!"

Tukarudia. Jiko lilelile. Basi nikafanya anachofanya kila shofa: unatoka nje kwanza, upande wa pili, ndipo unakata. "Kushoto!" nikapiga kelele. "Kushoto zaidi!"

Wakasimama. Kushoto kulikuwa na kilima cha mawe ya lava kinachomzidi mtu urefu. Huku kwetu kila mtu ana rundo lake la mawe ya kujengea kando ya njia, na tumeyazoea hata hatuyaoni. Enjenia mwenyewe alikuwa amelipima rundo hili kama mlima wa Mungu.

"Muzee," Barthélemy akauliza polepole, "haya mawe ni ya nani?"

Yalikuwa yangu. Tangu lava ipoe nilikuwa nikiyakusanya kwa ajili ya etaje yangu, nyumba ya ghorofa. Watu nilishawaonyesha lifti itapanda upande gani.

Mama Dancille aliona ninavyoyatazama. "Papa Niyibizi, mimi siwezi kukuomba hayo."

Angeomba, ningekataa. Nilichukua nyundo ya Barthélemy, nikapasua jiwe la kwanza. "Etaje yangu itaanza chini," nikasema. "Chini kabisa, kwa barabara."

Wakacheka, wakainama. Mpaka saa tisa alasiri rundo lote lilikuwa limepondwa na kushindiliwa kwenye njia.

Jumatatu akaja shofa, Benny jina lake, na remoki ya kweli. Akashusha kioo. "Hii njia iko muzuri?"

"Kamiyo ilishapita hapa siku ya posho," Barthélemy akajibu bila hata kutabasamu.

Benny akatoka nje, kushoto kabisa, juu ya mawe yangu, akakata. Gurudumu la nyuma lilipita kiganja kimoja kutoka jikoni. Mtaa wote ukaifuata kamiyo, mpaka pua yake ikasimama mbele ya kiwanda. Mama Dancille akaweka mkono kwenye bonneti, kama anayepima homa.

Wakapakia mpaka mchana. Benny akawasha, akageuza kwenye ua wa kiwanda, akatazama kona. "Sasa niko na mzigo. Nani ataniongoza?"

Wote walinigeukia.

Nikasimama mbele ya ile mashine, mikono juu, nikatembea kinyumenyume hatua zote mia tatu mpaka lami, na sikuangalia miguu yangu hata mara moja.